Hedifoni ya Besi ya Kweli Ni Ile Inayokufanya Upunguze Sauti

Mjini siku hizi hedifoni zinanunuliwa kwa ajili ya shingo kuliko masikio. Produza akipiga picha studio, hedifoni iko shingoni. Msanii akitangaza ngoma mpya, hedifoni iko shingoni. Dogo wa chuo akipanda daladala ya Mbezi, naye kaitundika shingoni, mito minene kama maandazi, muziki unasikika mpaka kwa konda. Picha inatoka kali, "likes" zinamiminika. Ila swali moja halipewi nafasi: hicho kidude kinapiga besi kweli, au kinapiga kelele tu?

Hapo ndipo vijana wengi wanapoliwa hela. Mtu anajibana mwezi mzima, anaingia Kariakoo na laki yake mfukoni, anaulizia "ya besi kali". Muuzaji anaijua kazi yake. "Boss wangu, hii mdundo tupu, jaribu mwenyewe." Anaiunganisha na simu yake yeye, anaweka amapiano aliyoichagua yeye, sauti kaifungulia mpaka mwisho, katikati ya makelele ya Msimbazi. Kwa sauti ile, chochote kitaonekana kina besi. Mteja anatikisa kichwa, anahesabu noti, anaondoka. Siku ya tatu, usiku, chumbani kwake, anagundua kwamba ili aupate ule mdundo wa dukani lazima afungulie sauti ile ile ya dukani. Akipunguza kidogo, mdundo unakufa.

Hiyo ndiyo hedifoni mbaya, haijalishi boksi limeandikwa nini. Hedifoni nzuri ya besi inafanya kinyume chake: inampa mtu mdundo wake wote huku sauti ikiwa chini. Anayetafuta hedifoni za muziki wa kudunda hana kipimo kizuri kuliko hicho, na bahati mbaya ndicho kipimo ambacho hakuna muuzaji anayekitaja.

Sababu iko kwenye sikio lenyewe. Binadamu mwenye masikio mazima anasikia kuanzia kama Hz 20 hadi Hz 20,000. Besi ndiyo ghorofa ya chini ya jengo hilo, na chini yake kabisa, kati ya Hz 20 na 60, ndiko kuna ule mtikisiko ambao mtu anauhisi kifuani kuliko kuusikia. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980, ikaacha kutengenezwa mwaka 1983, lakini mdundo wake mzito mpaka leo ndio uti wa mgongo wa hip hop na trap. Log drum ya amapiano nayo inachimba huko huko chini.

Sasa, mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio halizisikii sauti za chini kwa urahisi kama linavyozisikia za kati. Kwa lugha ya kitaa: ukipunguza sauti, besi inakuwa ya kwanza kukimbia. Ndiyo maana mpenzi wa besi mkono wake hautulii, kila dakika anaongeza. Haongezi kwa sababu ni kiziwi wala mkorofi. Anaongeza kwa sababu anaitafuta besi iliyopotea. Hedifoni inayoijua kazi yake inamrudishia besi hiyo mapema, kabla hajafika huko juu.

Na hapa ndipo hedifoni zilizofungwa nyuma zinapoingia. Ndani ya kila upande kuna spika ndogo inayosukuma hewa mbele na nyuma. Zile za wazi zina matundu au wavu mgongoni, hewa inapita, muziki unasikika mpana kama vile mtu yuko ukumbini. Sennheiser waliuza ya kwanza ya aina hiyo, HD 414, mwaka 1968, na mpaka leo watu wenye masikio ya kuchagua wanazipenda za wazi. Shida ni kwamba sauti inatoka nje na kelele zinaingia ndani. Kwa anayeishi chumba cha kupanga, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, hiyo si starehe, ni ugomvi. Zilizofungwa zina kifuniko kigumu mgongoni. Mdundo unabaki ndani, mgandamizo wa hewa unabaki kwenye sikio, na sikio linaupata bila kulazimisha.

Ila kufungwa nyuma peke yake hakutoshi. Siri kubwa ya besi iko mbele, kwenye mito. Mto ukiacha upenyo kati yake na kichwa, besi inavuja kama hewa ya tairi lililotoboka, halafu zinabaki zile sauti za juu zinazochoma. Hedifoni ya laki tano isiyokaa vizuri kichwani inapigwa bao na ya elfu arobaini iliyokaa sawasawa. Ndiyo maana ushauri wa "nunua kama ya fulani" hauna maana sana. Kichwa cha fulani si kichwa cha mnunuzi. Dada mwenye rasta nene, kaka mwenye miwani ya fremu pana, binti anayevaa hedifoni juu ya hijabu, wote watatu wanaweza kununua hedifoni ile ile na kila mmoja akasikia besi yake tofauti. Hata alama zao mtandaoni zitagongana, mmoja atasema "noma sana", mwingine atasema "takataka", na wote watakuwa wakweli.

Kipimo chake hakina gharama. Mtu anavaa hedifoni, anaweka wimbo wenye besi, kisha anaibonyeza mito taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, maana yake kabla ya kubonyeza ilikuwa inavuja. Hiyo haimfai, arudishe mezani ajaribu nyingine. Isipobadilika sana, imekaa. Hapo hajauliza hata bei.

Baada ya hapo ndiyo yaje maandishi ya boksi, na yenyewe yanahitaji kusomwa kwa jicho la mtu wa mjini. Kuna wanaoamini spika ya milimita 50 lazima iizidi ya milimita 40. Si lazima. Sony MDR-7506, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, ina spika za milimita 40, na bado inaonekana studio nyingi duniani. Ukubwa bila ganda zuri na mto mzuri ni ukubwa wa bure. Kuna boksi linalojisifu "kuanzia Hz 5". Sikio lenyewe linaanzia kama Hz 20, na namba hiyo haisemi hizo Hz 5 zinatoka kwa nguvu gani. Ni kama kusema gari lina spidi 240 kwenye dashibodi, wakati kila siku liko foleni ya Ubungo.

Namba ambayo kweli inamhusu mtu wa simu ni ile ya ohm. Beyerdynamic DT 770 Pro, moja ya zilizofungwa nyuma zinazoheshimika, imeuzwa kwa matoleo ya ohm 32, 80 na 250. Kwa macho zinafanana. Lakini anayechukua ya 250 na kuichomeka kwenye simu tupu atapata sauti iliyochoka, kwa sababu ile inataka kifaa chenye nguvu. Wa simu atafute ohm chache. Audio-Technica ATH-M50x, kwa mfano, ni ohm 38. Na kabla ya kununua ya waya, aangalie kama simu yake bado ina tundu la kuchomeka. Wapo walionunua ya waya na kukumbuka hilo wakiwa tayari kwenye mwendokasi.

Halafu kuna besi na kuna tope. Hedifoni nyingi zinazouzwa kwa jina la besi zimejazwa juu ya ghorofa ya chini, kwenye Hz 100 hadi 250, kwa sababu hapo ndipo masikio ya dukani yanapodanganyika haraka. Matokeo yake kila kitu kinanguruma, kiki ya ngoma (si ile kiki ya mitandaoni) inaungana na gitaa la besi, na mwimbaji anasikika kama anaimba ndani ya pipa. Singeli inaumbua hedifoni za aina hiyo vibaya sana. Mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kila pigo linatakiwa lianze na liishe kabla jingine halijafika. Hedifoni ya tope inageuza singeli kuwa mngurumo mmoja mrefu, kama jenereta. Kwa hiyo mnunuzi asiende dukani na amapiano peke yake. Aende na singeli, na wimbo mmoja anaoujua maneno yote. Asipoyasikia maneno, ile si besi, ni blanketi.

Watakuja wanaosema mbona ekwalaiza ipo, mtu anavuta besi juu mambo yanakwisha. Inasaidia, lakini kwa hedifoni iliyokaa vizuri tu. Kwenye inayovuja, ni kumwaga maji kwenye ndoo yenye tundu, na spika ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake inaanza kukwaruza. Watakuja pia wanaosema zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio zina besi kubwa tu. Ni kweli kabisa, zikipata mpira unaoziba sikio sawasawa. Sheria ni ile ile ya kuziba. Tofauti ni jinsi mtu anavyotaka kuvaa, na joto la Dar nalo linahusika: mito ya ngozi bandia inatoa jasho na baada ya muda inabanduka magamba. Ya kitambaa inapumua zaidi, lakini mara nyingi inapunguza besi. Mwenye akili ananunua hedifoni ambayo mito yake inabadilishwa.

Lakini hoja nzito kuliko zote si jasho wala hela, ni masikio. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Kiwango ambacho shirika hilo linakiona salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda mpaka desibeli 90, muda unashuka hadi saa 4 tu. Saa 4 kwa wiki! Anayetoka Gongo la Mboto kwenda Posta na kurudi anaweza kuzimaliza kabla ya Jumatano.

Na uharibifu wake una kejeli. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na mara nyingi zinazotangulia kuondoka ni sauti za juu. Maana yake yule mpenzi wa besi ataendelea kuisikia besi yake vizuri tu, ila atashindwa kutofautisha "sisi" na "fisi" mtu akimsemesha. Atakuwa anaitikia "eeh, eeh" kwenye vikao, huku hajui amekubali nini. Akipanda kitandani, ule mlio wa "ziiii" unamsindikiza. Hakuna fundi wa Kariakoo anayelibadilisha sikio.

Ndiyo maana kelele za nje zina umuhimu wake kwenye uchaguzi huu. Ndani ya daladala, injini inanguruma kwenye sauti zile zile za besi, na ndiyo inayomfanya mtu apandishe. Ganda lililofungwa linapunguza makelele ya konda na abiria vizuri, lakini mngurumo wa injini unapenya. Kwa huo, zile zenye mfumo wa kuzima kelele kwa umeme ndizo zinazofanya kazi zaidi. Anayesafiri kila siku na mfuko unaruhusu, hiyo ni hela yenye maana kuliko nembo inayong'aa. Asiyenazo, anunue iliyofungwa na kukaa vizuri, asipitishe sauti asilimia 60 ya simu yake, na inatosha. Na akishuka kituoni avue. Bodaboda hazisubiri wimbo uishe.

Kwa hiyo mnunuzi wa wikiendi hii aingie dukani na simu yake mwenyewe, nyimbo zake mwenyewe, na kanuni moja: sauti ianze chini, ipande taratibu mpaka besi itosheke, halafu aangalie imefika wapi. Ya kwanza imemridhisha kwa asilimia 80, ya pili kwa asilimia 50? Achukue ya pili, hata kama ya kwanza ndiyo aliyoiona kwa staa. Muuzaji akimwambia "fungulia zaidi bro, uisikie", ajibu tu kwamba ameshaisikia.