Maumivu ya wenye vidonda sugu yasipuuzwe

Hakuna msemo uliochakazwa na wanasiasa wetu kama 'donda ndugu'. Ufisadi ni donda ndugu, ukabila ni donda ndugu, ukosefu wa kazi ni donda ndugu. Lakini yule mwenye donda ndugu la kweli mguuni, linalomnyima usingizi usiku na kumtenga na wenzake mchana, ni nani anayemtaja?

Tuchukue mfano wa Kambu, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, baina ya Kibwezi na Mtito Andei. Mwananchi wa huko huishi kwa miguu yake. Mguu ndio unaompeleka shambani kupalilia ndengu, ndio unaofuata mbuzi, ndio unaotafuta maji kiangazi kinapokaza. Mguu mmoja ukipata kidonda kisichopona, nyumba nzima huchechemea.

Chanzo cha vidonda hivi si kimoja. Wapo walioumwa na nyoka, kwani Makueni na Kitui ni makao ya moma, ambaye sumu yake huozesha nyama. Wapo wenye kisukari. Wapo ambao mishipa yao imeshindwa kuirudisha damu moyoni kutoka miguuni. Maumivu nayo hutofautiana. Mwenye kisukari huenda asihisi msumari unaomdunga, na bado usiku nyayo zikamwaka moto. Hivyo kutohisi maumivu si ushahidi wa kupona, wala kulia si ushahidi wa udhaifu.

Kosa letu ni kukitibu kidonda na kumsahau mwenyewe. Mara nyingi mgonjwa huulizwa kama usaha umepungua; haulizwi kama alilala. Kisha huja saa ya kubadilisha bandeji. Shashi iliyogandamana na nyama hung'olewa ikiwa kavu, naye huambiwa avumilie. Je, ni ajabu akikosa kurudi juma lijalo? Ni ajabu akikimbilia majivu, au unga wa vidonge alivyonunua dukani bila ushauri? Aliyetoroka maumivu ya bandeji huenda akarudi siku moja kukatwa mguu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mengi ya kumpunguzia adha hayana gharama kubwa. Apewe dawa ya kutuliza maumivu mapema, kabla ya kidonda kuguswa. Shashi ilowekwe kwa maji safi yenye chumvi hadi iachie yenyewe. Panapohitajika kuondoa nyama iliyokufa, ipo krimu ya ganzi inayopakwa juu ya kidonda. Mwenye tatizo la mishipa ya kurudisha damu afungwe bandeji ya kubana, baada ya tabibu kuhakikisha kuwa damu inafika unyayoni. Na kila ajapo aulizwe akadirie maumivu yake kutoka 0 hadi 10, jibu liandikwe kwenye kadi yake.

Wapo watakaosema kwamba dawa za maumivu humzoesha mtu, au huharibu figo. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu zitolewe na mtaalamu anayemjua mgonjwa. Lakini hofu isigeuzwe kisingizio. Jirani zetu wa Uganda, mwaka wa 2004, waliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mahututi mofini. Ikiwa dawa kali kama hiyo yaweza kusimamiwa kwa uangalifu, sembuse parasetamoli ya kabla ya bandeji?

Makueni si kaunti ngeni katika kuonyesha njia. Mwaka wa 2016 ilianzisha mpango wa matibabu ambapo jamaa nzima ililipa Sh500 kwa mwaka. Tangu Oktoba 2024 taifa lina Mamlaka ya Afya ya Jamii. Wanaosimamia huduma hizi wahakikishe kuwa mwenye kidonda sugu anapata bandeji na dawa ya maumivu karibu na kwake, badala ya kulipa nauli kila juma kufuata mbali kitu kidogo kama hicho.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini mgonjwa wa Kambu si maiti. Yu hai, ana kinywa, na akiulizwa atajibu. Basi na aulizwe.