Geti la shule nalo liwekwe kwenye mizani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa viliingia katika mpango wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Kila baada ya miezi mitatu ilifika Siku ya Afya ya Kijiji: watoto wa chini ya miaka mitano wakapimwa uzito, kadi zikajazwa, na hesabu ya kijiji kizima ikapelekwa mbele ya kamati. Hapo ndipo kazi hasa ilipoanza, kwa sababu wanakijiji wenyewe walitakiwa kueleza kwa nini watoto wamepungua uzito. Mara nyingi tatizo halikuwa ujinga wa mama. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri, na mtoto aliyebaki nyumbani alikula mara mbili tu kwa siku. Ndiyo maana vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto. Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na UNICEF ilipotunga mwongozo wake wa lishe wa mwaka 1990, ilichota sana kutoka Iringa.

Naamini njia hiyohiyo ndiyo inayotufaa leo kwa tatizo lililo upande wa pili wa mizani: unene uliopitiliza kwa vijana balehe, hasa wa miaka 10 hadi 14. Takwimu za kitaifa za Tanzania zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi wakipanda kutoka asilimia 18 mwaka 2004/05 hadi 28 mwaka 2015/16, na wanawake hao walikuwa watoto jana. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kuwa, kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza wamewazidi wenye uzito pungufu. Afrika Kusini mwa Sahara bado haijafika huko, kwa hiyo tunayo nafasi ya kuzuia kabla ya kuanza kutibu. Nafasi hiyo ni finyu. Tafiti zinaonyesha kuwa takriban vijana wanane kati ya kumi waliofikia unene huo wakati wa balehe huingia nao utu uzima, pamoja na kisukari na shinikizo la damu vinavyoufuata.

Mazoea yetu ni kumhutubia mtoto: somo darasani, bango ukutani, wosia wa daktari. Lakini tazama geti la shule ya msingi ya mjini saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikishalia. Mtoto ana shilingi 500 mkononi, na mbele yake kuna maandazi, chipsi za pakiti, barafu za rangi na juisi za unga. Akiongeza pesa akanywa soda ya mililita 350, amekunywa kama vijiko tisa vya chai vya sukari kwa mkupuo mmoja. Jioni ana tuisheni. Kiwanja walichochezea kaka zake kimejengwa fremu za maduka, na msichana aliyekuwa hodari wa rede ameshaambiwa kuwa amekua, aache kurukaruka. Ukimwambia mtoto huyu ale matunda na acheze, umemtuma akatafute kisichopo.

Kinachotakiwa ni serikali ya mtaa, kamati ya shule, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wanafunzi wenyewe kukaa kila muhula na kuhesabu: getini kunauzwa nini, maji ya kunywa yapo, uwanja umebaki kiasi gani, wasichana wangapi bado wanacheza. Sisemi watoto wapandishwe mizani mbele ya wenzao. Mtoto mchanga haoni aibu, lakini wa miaka 12 anaweza kuacha shule kwa kuitwa bonge. Kinachopimwa hadharani kiwe mazingira. Huko Geelong, Australia, shule tano za sekondari ziliendesha mpango wa namna hii kwa miaka mitatu, wanafunzi wakiwa mabalozi wake, na uzito wa vijana hao uliongezeka kwa kiwango pungufu kuliko wa wenzao wa shule za kulinganisha. Tofauti ilikuwa chini ya kilo moja. Ni ndogo kwa mtoto mmoja, ila ukiisambaza kwa kizazi kizima si haba. Haki itendeke pia kwa upande wa pili: mipango ya miaka ileile huko Fiji na Tonga haikupunguza uzito. Visiwani humo chakula kingi ni heshima na mwili mkubwa ni hadhi, kama ilivyo kwetu tunaposema mtu amenawiri. Nafikiri mpango ukiishia shuleni bila kugusa sherehe, sahani ya mgeni na maneno ya bibi, haufiki mbali.

Wapo watakaosema hili ni tatizo la wenye nazo, ilhali asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni kweli wamedumaa, lakini mtoto aliyedumaa naye anaweza kunenepa vibaya chakula rahisi cha mjini kikimfikia. Uji na maharage vya shuleni vinamsaidia yeye na mwenzake aliyenenepa. Wengine watasema malezi ni ya mzazi. Sawa, lakini mzazi hutoa shilingi 500 kwa sababu shule haipiki, na hayupo getini pesa inapotumika.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mama anayeuza bajia hapo nje. Akifukuzwa na mgambo, watoto wake watalala njaa, na baada ya wiki mwingine atakuwa amekaa pale pale. Huyo aitwe kwenye kikao cha kwanza. Anajua watoto hununua nini na kwa shilingi ngapi, na kamati ikimhakikishia soko, anaweza kuchemsha mihogo na mahindi au kukata matikiti kwa mtaji uleule anaonunulia mafuta.