Mzazi Asiachwe Peke Yake



Twajua wengine wenu watauliza, mambo ya uzazi yaingiaje katika karatasi ya chama? Yaingia kwa mlango wa mshahara. Kila mwezi twakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa bima ya afya ya jamii, na fedha hiyo, pamoja na kazi zake nyingine, hulipia uzazi hospitalini. Basi mwenye kulipa ana haki ya kuuliza mkewe apokewa namna gani huko.

Tena sisi watu wa reli tuna sababu yetu wenyewe. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini hata leo haijafika Homa Bay wala Migori. Wengi wetu tuliozaliwa upande ule twafanya kazi Nairobi na Mombasa, na mabibi zetu wako nyumbani. Uchungu ukimshika mama usiku, mumewe yuko zamu, mbali kabisa. Anayemshika mkono ni mama mkwe, au dada, au jirani, na huyo naye afikapo hospitalini huenda akaambiwa angoje nje.

Hayo si maneno ya barazani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 uliwauliza wanawake wa Migori waliojifungua hospitalini. Katika kila 100, wapata 88 walisindikizwa na mtu wao. Walioruhusiwa kuwa na mtu muda wote wa uchungu ni 67, lakini saa yenyewe ya kujifungua walikuwa 29 tu. Haki yataka tuseme na upande wa pili: 63 katika 100 walisema hawakutaka mtu saa ile. Waliona haya, na waliogopa kusengenywa kijijini. Nasi twasema mwanamke asilazimishwe. Lakini pazia kati ya kitanda na kitanda lingeondoa sehemu kubwa ya aibu hiyo, na pazia si ghali.

Mwandani huyu wa mzazi wageni humwita dula, neno lililotoka katika Kiyunani cha kale, maana yake mjakazi. Sisi watu wa chama hatulipendi. Kazi yake ni kumsugua mama mgongo, kumpa maji, kumtembeza, kumtuliza, na kukimbia kumwita muuguzi aonapo damu imezidi. Hazalishi wala hakati kitovu. Hiyo ni kazi ya mkunga aliyesomea. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 ya nchi mbalimbali, yenye wanawake zaidi ya 15,000, wakaona kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo hujifungua zaidi kwa njia ya kawaida, hupasuliwa mara chache zaidi, na uchungu wake huwa mfupi kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2018, lasema kila mzazi awe na mwandani amtakaye mwenyewe.

Na asituambie mtu kwamba jambo hili latoka Ulaya. Bibi zetu walikuwa na nyamrerwa. Serikali ilipowakataza kuzalisha nyumbani ilikuwa na haki, maana nyamrerwa hana damu ya kumwongeza mama wala chumba cha kupasulia. Kosa ni kumfukuza pamoja na ule wema wake wa kukaa na mzazi. Huko Lwala, karibu na Rongo katika Migori, ambako wenyeji walifungua zahanati mwaka 2007, waliona mbali: waliwachukua wakunga wa jadi, wakawafundisha kuwafuata waja wazito nyumbani na kuwaleta hospitalini, nao wakalipwa.

Neno hilo la kulipwa tulishike sana. Wauguzi ni wafanyakazi wenzetu, waliogoma karibu miezi mitano mwaka 2017, na hatuwatupii lawama. Muuguzi mmoja aliye na wazazi wengi usiku hawezi kumshika kila mmoja mkono. Lakini twahofu wakubwa wasije wakasema, "Wako waandani, basi wauguzi wanatosha." Mwandani si muuguzi wa bure. Akiwa ni mama mkwe, amekuja kwa mapenzi yake na hatumdai mtu. Akiwa amefundishwa na kupangiwa zamu, huyo ni mfanyakazi, naye apewe mshahara kama wafanyakazi wengine.

Jambo la mwisho latuhusu wanaume. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa baba likizo ya majuma mawili yenye mshahara mtoto azaliwapo. Wangapi kati yetu wameiomba? Wengine huona haya, wengine huambiwa gari halina mtu. Twaomba jambo hili liwekwe katika shauri la mkutano ujao wa tawi, na kila aliyenyimwa likizo hiyo aje na barua yake.