Paka Mgonjwa Akisusia Chakula

Leo tuwaache kidogo watoto na karo zao, tumzungumzie kiumbe ambaye katika nyumba nyingi hapa Nakuru hula wa mwisho na kulalamika wa kwanza. Namzungumzia paka. Kama wewe ni miongoni mwa wale wanaosema paka na ajitafutie panya, soma hata hivyo, kwa maana mimi nilikuwa mwenyekiti wa chama hicho. Nilikulia upande wa Molo, na kwetu hakuna aliyewahi kumwuliza paka angependa kula nini.

Paka wetu anaitwa Chausiku. Julai iliyopita mbwa walimshika uani, akarudi akijikokota, ubavu umechanika. Daktari wa mifugo akamshona, akatupa tembe za kuzuia usaha, na jeraha likaanza kufunga vizuri. Taabu ni kwamba Chausiku aligoma kula. Siku ya kwanza tukasema ni ile dawa ya usingizi. Siku ya pili binti yangu, aliye kidato cha pili, alikuja jikoni na kibakuli ambacho hakijaguswa. "Baba, si atakufa njaa na kidonda kimepona?" Nikamjibu kwamba paka hawezi kufa njaa katika nyumba yenye chakula.

Nilikosea. Mbwa anaweza kustahimili njaa siku kadhaa, lakini paka hakuumbwa hivyo. Asipokula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta uliyoweka akiba na kuyapeleka kwenye ini. Ini la paka haliwezi kuyamudu mafuta mengi kwa ghafla, hivyo hujaa na kushindwa kufanya kazi, na ufizi na weupe wa macho hugeuka manjano. Hatari hiyo huweza kuanza baada ya siku mbili tatu tu, na paka mnene ndiye huumia zaidi. Kwa hiyo paka wako mgonjwa akipitisha siku nzima bila kutia kitu kinywani, mpigie daktari simu. Usingoje Jumatatu.

Basi tukaanza kumbembeleza. Tulimpa ugali na maziwa, chakula chake cha kila siku, akageuza kichwa. Tukampa maziwa matupu, akaramba mara mbili, na usiku akaharisha sakafuni. (Huku kwetu ng'ombe wa maziwa ni wengi na kila mtu huamini paka ni mtoto wa maziwa. Ukweli ni kwamba paka wengi wakishakua matumbo yao hayawezi tena kusaga sukari iliyomo katika maziwa.) Mke wangu akachemsha maini, ambayo Chausiku angeyaibia hata mezani. Aliyanusa, akarudi nyuma kana kwamba amewekewa nyoka.

Hapo ndipo nilipompigia daktari. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Hizo tembe mnampaje?"

Nilinyamaza kidogo. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikizisaga na kuzificha ndani ya maini, nikijiona mjanja. Tembe zile ni chungu. Paka akionja uchungu ndani ya chakula mara moja au mbili, hukilaumu chakula, na anaweza kukisusia hata utakapoacha kutia dawa. Nilikuwa nimemharibia kile alichokipenda kuliko vyote. Daktari akanifundisha kumpa tembe mbali na chakula, nimfungue taya kwa upole na kuiweka nyuma ya ulimi, kisha nimpe maji kidogo.

Akanieleza pia kwamba paka hula kwa pua. Ulimi wake hausikii utamu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walieleza kwamba jeni inayohusika na ladha hiyo imeharibika katika paka. Sukari na asali ni kazi bure. Harufu ndiyo humwita mezani, na chakula baridi hakina harufu. Sasa fikiria asubuhi ya Julai hapa Nakuru, chakula kimelala kwenye kibakuli cha bati tangu usiku!

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza omena sokoni. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akasema, "Baba, kaanga omena bila mafuta, uone kama huyo paka hatakufuata." Tulizipepeta omena kuondoa mchanga, tukaziosha kwa maji moto, tukazikausha kwenye kikaango hadi nyumba nzima ikanuka kama gati la Kisumu. Tukazitwanga. Tukachemsha nyama ya kusaga na moyo wa kuku, bila chumvi wala kiungo, tukaacha ipoe hadi uvuguvugu wa mwili, tukanyunyiza unga wa omena juu yake. Binti yangu akachukua kidogo kwa ncha ya kidole na kumpaka mdomoni.

Chausiku alijiramba, akanyamaza, kisha akajiramba tena. Akala kijiko kimoja cha chai, akalala. Tulimpa kingine baada ya saa mbili, na kingine tena. Siku ya nne alisimama mwenyewe kwenye kibakuli.

Ukijaribu haya nyumbani, usimpe mchuzi wa familia. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Mifupa iliyopikwa huvunjika kama vigae. Usimmiminie uji kooni kwa nguvu, maana huweza kuingia mapafuni. Na dawa ya maumivu ya binadamu usithubutu; paracetamol, hata kipande cha tembe, huua paka.

Omena nazo ziwe kikolezo tu, nyama ndiyo chakula. Hata akishapona, ugali na maziwa pekee havimtoshi, kwa sababu paka anahitaji taurini, ambayo hupatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba paka anayeikosa hupata ugonjwa wa moyo. Moyo wa kuku au wa ng'ombe unayo kwa wingi, na kwa mchinjaji si ghali.

Nyuzi zilitolewa zamani na manyoya yameota upya. Ini bado halitaki, na anapoliona hunitazama mimi, wala si mke wangu. Mkebe wa omena zilizotwangwa sasa unakaa juu kabisa ya kabati, kwa sababu wiki jana alijifunza kuufungua.