Soma maandishi kabla ya sura

Ninakusanya vijisarafu vya matangazo ambavyo kampuni za viatu za Marekani ziliwagawia watoto bure, na msimamo wangu ni mmoja: sura iliyochorwa pekee si ushahidi wa kampuni iliyovitoa. Kwa mfano, mchoraji Richard Outcault alimbuni Buster Brown, mtoto wa katuni, mwaka 1902. Kwenye maonyesho ya St. Louis ya 1904 aliuza haki ya kumtumia mtoto huyo na mbwa wake Tige kwa kampuni nyingi, si ya viatu peke yake. Kwa hiyo tafuta jina la kampuni, mji na bidhaa, pande zote mbili. Tena usikisugue kijisarafu kwa dawa ya kung'arishia shaba. Herufi zikifutika, kijisarafu kimepoteza ushahidi wake, na hakuna fundi atakayeurudisha.