Gari Limeinuka, Mzigo Umebaki Pale Pale

Barua ya juma hili imetoka kwa mzee mmoja mstaafu wa Kurasini, Dar es Salaam. Anaeleza kwamba kijana wake, ambaye anafanya kazi nchini Uingereza, amenunua gari-nyumba lililokwisha kutumika, naye amewaalika wazazi wake waende wakatembezwe pamoja na wajukuu wao wawili hadi milima ya Scotland. Picha ya gari hilo imeletwa kwa simu. Mzee, ambaye aliendesha malori kwa miaka 27, aliitazama mara moja tu akatambua kwamba gari limelala nyuma. "Limechuchumaa kama fisi," anaandika. Kijana alipoulizwa alijibu kwamba baba asiwe na wasiwasi, kwani anatia mifuko ya upepo juu ya ekseli ya nyuma, na ikishatiwa gari litasimama sawa na litabeba chochote. Mzee anatuuliza: "Je, maneno hayo ni ya kweli? Maana watakaokaa huko nyuma ni wajukuu zangu."

Mzee wetu, shikamoo. Tumeisoma barua yako kwa makini, na jibu letu ni kwamba nusu ya maneno ya kijana ni kweli tupu, na nusu ya pili ni hatari. Kweli, gari litasimama sawa. Lakini kwamba litabeba chochote, hilo si kweli hata kidogo. Tuzitazame nusu hizo mbili moja baada ya nyingine.

Kwanza, kwa faida ya wasomaji ambao hawajaliona, gari-nyumba ni gari lenye vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na tangi la maji, ambamo watu husafiri na kulala. Huko Ulaya mengi ya magari hayo huundwa juu ya chesisi ya gari dogo la mizigo, na Fiat Ducato ni miongoni mwa yale yaliyoenea sana. Sasa, gari la mizigo leo hujaa na kesho huwa tupu, kwa hiyo springi zake hupata kupumzika. Gari-nyumba halipumziki. Vitanda, makabati na jokofu vimo ndani usiku na mchana, mwaka hata mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa uani. Tena sehemu kubwa ya nyumba hiyo aghalabu hutokeza nyuma ya magurudumu, na huko ndiko wenyewe hupenda kufunga baiskeli. Si ajabu basi springi zikachoka na gari likachuchumaa.

Mifuko ya upepo anayoizungumzia kijana si ile inayofutuka mbele ya dereva wakati wa ajali. Hii ni mifuko ya mpira mnene ulioimarishwa kwa nyuzi, nayo hukaa baina ya ekseli na chesisi, mmoja kulia na mmoja kushoto, ikisaidiana na springi za chuma. Msingi wake ulielezwa na mtaalamu Robert Boyle mwaka 1662: ukiibana hewa mpaka ikakaa katika nusu ya nafasi yake ya awali, na joto lisibadilike, mgandamizo wake huwa maradufu. Ndiyo kusema kadiri gari linavyozidi kuulalia mfuko, ndivyo mfuko unavyozidi kulisukuma juu. Jambo hili si geni kwa mabasi. Huko Marekani basi mashuhuri la Greyhound lililoitwa Scenicruiser, ambalo lilianza kazi mwaka 1954, lilielea juu ya upepo. Hata hapa kwetu, ule mlio wa "tshii" unaousikia basi kubwa la safari ndefu linapoinama stendi ni upepo unaotoka katika mifuko ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba katika basi hilo mfuko ndio springi yenyewe, na gari zima lilibuniwa hivyo tangu kiwandani. Katika gari la kijana, mfuko ni msaidizi tu.

Kazi ya kuitia si ngumu kwa fundi makini, lakini haitaki papara. Kabla ya kufungua nati hata moja, gari liwekwe mahali tambarare likiwa na mzigo wake wa safari, na upimwe urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, na vipimo viandikwe. Kisha gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara za chuma. Mtu asithubutu kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake; jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Katika magari mengi ya aina ya Ducato, kile kipande cha mpira kinachozuia ekseli isigonge chesisi huondolewa, na mfuko pamoja na vibao vyake vya chuma hukaa mahali pake.

Baada ya hapo hupitishwa mirija myembamba ya upepo. Ncha za mrija zikatwe kwa kisu kikali, zinyooke sawasawa, kwani ncha iliyokatwa mshazari huvujisha. Mirija na mifuko ikae mbali na bomba la ekzosi, sentimita 15 au zaidi, na pasipowezekana iwekwe ngao ya kuzuia joto. Mfuko usiguse kitu chochote, si bomba la breki wala ukingo wa chuma, maana mpira unaosuguliwa hutoboka. Nasi tunasisitiza hili: mfuko wa kulia uwe na mrija wake na valvu yake, na wa kushoto vivyo hivyo. Ikiwa mifuko miwili imeunganishwa kwa mrija mmoja, gari likikata kona upepo hukimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande ulio mwepesi, na gari likazidi kupinda pale pale lilipohitaji kushikiliwa.

Mwisho wa kazi, upepo hutiwa kidogo kidogo kwa pampu au kompresa, kama tairi. Mifuko mingi ya namna hii haitakiwi kushuka chini ya ratili 5 kwa kila inchi ya mraba, wala kupita ratili 100, lakini neno la mwisho ni la karatasi ya mtengenezaji. Viungo vyote vipakwe maji ya sabuni. Penye povu linalofura ndipo penye kuvuja. Baada ya kilomita mia chache bolti zote zikaguliwe tena kwa spana.

Kazi hiyo ikifanywa vema, gari litanyooka, litatulia penye upepo wa ubavuni, na halitayumba sana linapopitwa na lori. Hiyo ndiyo nusu ya kweli, na hatumnyimi kijana haki yake.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili. Kila gari la namna hiyo lina kibao cha kiwandani ambacho kimeandikwa uzito wa mwisho unaoruhusiwa: wa gari zima, wa ekseli ya mbele na wa ekseli ya nyuma. Uzito huo hautokani na springi peke yake. Unatokana pia na breki, beringi, rimu, tairi na ekseli yenyewe. Mfuko wa upepo umeisaidia springi; breki haikuisaidia, beringi haikuiongezea nguvu, wala tairi haikuitia nyuzi mpya. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, lakini hawakusema umfunge mkanda kiunoni ili asimame wima, kisha umwongezee gunia la pili.

Ubaya zaidi ni kwamba gari lililochuchumaa lilikuwa likitoa onyo. Kila aliyelitazama aliona kwamba limezidiwa. Baada ya kutiwa upepo, onyo limenyamazishwa na mzigo umebaki pale pale. Hapo ndipo mtu huongeza hema, kreti ya soda na viti vya bustanini, huku akijisifu kwamba gari limepona.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme kibao cha gari kinaruhusu kilo 3,500 kwa gari zima, kilo 1,850 mbele na kilo 2,000 nyuma. Gari limepelekwa mizani, watu wote sita wamo ndani, tangi la maji limejaa lita 100, na nyuma zimefungwa baiskeli za kilo 60. Mizani inasoma kilo 1,480 mbele na kilo 2,140 nyuma, jumla kilo 3,620. Gari limezidi kwa kilo 120, na ekseli ya nyuma imezidi kwa kilo 140. Jaza mifuko upepo hadi gari liwe sawa kama meza, kisha urudi mizani: kilo zitakuwa zile zile, na uzito wa mifuko yenyewe juu yake.

Lakini tazama linalowezekana bila mfuko. Ikiwa ekseli mbili ziko mbali kwa mita 4, na baiskeli zimening'inia mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, basi gari hufanya kama bembea ya ubao. Kilo 60 za baiskeli huilemea ekseli ya nyuma kwa kilo 90, na kuinyanyua ya mbele kwa kilo 30. Ducato huvutwa na magurudumu ya mbele, nayo ndiyo pia yanayolipa gari mwelekeo. Kuyapunguzia uzito penye lami iliyolowa si jambo la mchezo. Ziache baiskeli nyumbani, na mizani itasoma 1,510 mbele na 2,050 nyuma. Kisha punguza maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na safarini hakuna haja ya tangi lililojaa. Ikiwa tangi liko juu ya ekseli ya nyuma, nawe ukabakiza lita 20 tu, nyuma itasoma kilo 1,970 na gari zima kilo 3,480. Sasa gari limo ndani ya kibao chake, kwa gharama ya kufungua bomba na kuacha baiskeli uani.

Lipo pia jambo la sheria. Nchini Uingereza, mtu aliyefaulu mtihani wa udereva wa gari dogo tangu mwaka 1997 kwa kawaida amekuwa akiruhusiwa gari lisilozidi kilo 3,500. Tunajua kwamba wahandisi wenye ujuzi huko huweza kulichunguza gari zima, breki hadi tairi, na gari likapatiwa kibao kipya chenye uzito mkubwa zaidi; na mara nyingine mifuko ya upepo huwa sehemu ya kazi hiyo. Lakini kinachoongeza uzito hapo ni uchunguzi na kibao, wala si mfuko. Na kibao kikipanda, leseni nayo itazamwe isije ikabaki nyuma.

Mambo mawili ya mwisho hupitiwa na mafundi wengi. La kwanza ni taa. Gari lililochuchumaa huelekeza taa zake juu na kuwapofusha wengine. Likiinuliwa, taa huteremka, kwa hiyo zipimwe upya. La pili ni zito zaidi. Baadhi ya magari, hasa ya zamani, yana valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Nyuma ikiwa chini, valvu huelewa kwamba kuna mzigo na kuzipa breki za nyuma nguvu kamili. Nyuma ikiwa juu, hudhani gari ni tupu na kuzipunguzia nguvu. Ukiliinua gari kwa upepo bila kuirekebisha valvu hiyo, umeidanganya. Gari limejaa familia, na breki za nyuma zinafanya kazi kama kwamba hamna mtu. Siku ya mteremko na mvua, uongo huo utajulikana.

Mzee wetu, usimvunje moyo kijana. Amefanya kazi kwa jasho, amewakumbuka wazazi wake, na hilo ni la kushukuriwa. Mwandikie kwa upole umwombe vitu vinne kabla hujafunga sanduku lako: picha ya kibao cha uzito, karatasi ya mizani ambayo imepimwa kila ekseli pamoja na uzito wa abiria wote, neno la fundi kwamba valvu ya breki imetazamwa, na hakikisho kwamba kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ana kiti chake chenye mkanda. Akikuletea hivyo vinne, na hesabu ikakubali, panda gari ukae kwa raha, na mifuko ya upepo itakupa safari laini kuliko malori yako yote ya zamani. Hesabu ikikataa, mwambie aanze kwa kushusha mizigo, wala si kwa kujaza upepo.

Na sisi tuliobaki hapa tusijione tumesalimika. Ni mara ngapi tumemwambia fundi wa mtaani, "Niongezee bapa moja la springi," ili gari la abiria libebe magunia ya mkaa? Springi ya chuma au mfuko wa upepo, kosa ni lile lile: tunalitibu gari umbo lake, na mzigo tunauacha ulivyo.

Tukutane tena Jumapili ijayo.