Lindo Haliachwi Tupu

Kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, hufundishwa tangu siku zake za kwanza kwamba lindo haliachwi tupu. Mlinzi wa zamu haondoki mpaka mwenzake amefika, amekagua na amepokea. Kanuni hiyo ya langoni ndiyo tunayotaka ifuatwe pia katika chumba cha kompyuta, kila mara kumbukumbu zinapohamishwa kutoka diski kuukuu kwenda diski mpya.

Diski hujaa, huchakaa na mwisho huharibika. Kwa hiyo kuhama ni lazima; la kujiuliza ni namna ya kuhama. Ipo desturi mbaya ya kufunga mtambo mzima kwanza, na ndipo kuanza kunakili. Tufanye hesabu. Kumbukumbu za terabaiti 2, zikinakiliwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua karibu saa 4. Mafaili yakiwa madogo na mengi, kazi huweza kukesha. Muda wote huo huduma imesimama.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. La hasha! Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, inaagiza kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 48 kupita. Saa hizo hazisimami eti kwa sababu diski inabadilishwa. Pale ambapo jalada la mahabusu limewekwa katika seva, na seva imefungwa tangu asubuhi hadi jioni, haki ya mwananchi imeliwa na uzembe wa ofisi. Vivyo hivyo, askari aliye mpakani hana la kujitetea iwapo jina lake limepotea katika orodha ya mishahara wakati wa kuhamisha.

Njia iliyo bora si ngeni. Katika mitambo ya Unix, mfumo ulioanzishwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969, na ya Linux iliyotokea mwaka 1991, mafundi hutumia programu iitwayo rsync. Programu hiyo, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hulinganisha pande mbili na kuhamisha kile tu kilichotofautiana.

Kwanza, fundi ahakikishe kwamba ipo nakala ya akiba mahali pengine. Kisha aitayarishe diski mpya, na anakili kila kitu huku kazi zikiendelea kama kawaida. Hata zikipita saa 4, hakuna anayesumbuka.

Pili, saa iliyotangazwa ikifika, huduma zisimamishwe na rsync irudiwe. Safari hii huchukua tu yaliyobadilika tangu nakala ya kwanza, na mara nyingi dakika chache hutosha. Hifadhidata nayo ifungwe kabla ya nakala hii ya mwisho, kwa maana iliyonakiliwa ikiwa inaandikwa haiaminiki. Mafaili yaliyofutwa katikati yafutwe pia upande mpya. Lakini amri hiyo ya kufuta ni kali. Mwelekeo ukikosewa, diski tupu itaifuta ile iliyojaa. Ndiyo sababu rsync ina namna ya mazoezi, inayoonyesha itakalofanya bila kulifanya. Askari hapuuzi mazoezi.

Tatu, idhini zilindwe. Katika Unix kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na lina idhini ya nani asome na nani aandike. Nakala isiyochukua idhini hizo yaweza kuiacha siri ya upelelezi wazi kwa kila apitaye.

Nne, diski mpya iandikwe katika faili la fstab, linaloieleza kompyuta diski ipi iunganishwe wapi. Itajwe kwa utambulisho wake wa UUID, si kwa jina kama sda au sdb, kwani majina hayo huweza kubadilishana kompyuta inapowashwa. UUID ni kama namba ya jeshi: askari wawili waweza kuitwa jina moja, namba haifanani.

Tano, diski ya zamani isiguswe mpaka mpya imekaguliwa na imefanya kazi siku kadhaa. Kasoro ikionekana, kurudi nyuma ni jambo la dakika. Baada ya hapo isafishwe kabisa au ivunjwe. Diski iliyobeba siri za vikosi haitupwi jalalani wala haiuzwi sokoni.

Tunawakumbusha makamanda kwamba fundi anayeharakishwa ndiye anayekosea. Mpeni muda wa kunakili mapema, naye atawapa muda mfupi wa kusimama. Dai taratibu iliyoandikwa, saa iliyotangazwa, na taarifa ya makabidhiano mwishoni. Nao mafundi waliovaa sare wajue kwamba kazi yao ni ulinzi kamili. Kumbukumbu za Taifa ni lindo, na lindo hupokewa kabla ya kuachwa.